Mvua yetu inatoka wapi, na juu ya nini siku hizi inachelewa?



Mwezi wa 9 ukianza, swali ni lile lile katika kila mkutano tunaofika, kutoka Lusangi na Kasongo mpaka upande wa Kabambare: "Agronome, tupande sasa ao tungoje?" Si swali dogo. Mbegu ya mpunga ni chakula ambacho mama amekifunga katika gunia toka mavuno, akakilinda hata mwezi wa 8, wakati nyumba imeanza kula mara moja kwa siku. Akiipanda siku mbaya udongo unaimeza bure, na ya pili hana. Ataenda kukopa sokoni, gunia moja leo kwa magunia mawili wakati wa mavuno.

Sisi wenyewe tulikosea. Mwaka mmoja tulifika na kalendari ya kilimo iliyochapwa vizuri, tukaambia koperative moja wapande tarehe 15 ya mwezi wa 9. Mvua mbili nzuri zikanyesha, mpunga ukaota, mashamba yakawa ya kijani. Kisha mbingu ikafungwa siku 19. Mzee mmoja alikuwa ametuonya: "Hii mvua iko inawadanganya, ile yenyewe haiyafika." Hatukumsikia, maana sisi tulikuwa na karatasi. Wenye akiba ya mbegu walipanda tena, wengine wakaweka muhogo mahali pa mpunga. Toka siku ile hatutoi tena tarehe. Tumerudi kwenye vitabu na kwa wazee, tujue kwanza mvua yenyewe inasafiri ginsi gani mpaka ifike kwetu. Makala hii ni matunda ya kazi hiyo.

Msafara wa mvuke

Tukiuliza watu mvua inatoka wapi, wengi wanasema: "Kwa Mungu." Halafu wanacheka na kuongeza: "Baharini." Jibu la kwanza tunawaachia mapadri na mashehe. La pili ni la kweli, lakini ni nusu ya jibu. Toka hapa Kasongo mpaka Bahari ya Hindi ni zaidi ya kilometa 1,300, na mpaka Atlantiki ni zaidi ya 1,500. Mvuke uliotoka baharini haufiki hapa kwa safari moja bila kusimama.

Unasafiri kama msafara wa zamani, ile misafara iliyokuwa ikitoka pwani kuja Kasongo. Kila kituo msafara unashusha mzigo na kupakia mwingine. Mvuke wa bahari unaanguka kama mvua Tanzania, kwa mfano. Udongo unakunywa, miti na mazao yanayanyonya yale maji, na majani yanayatoa tena hewani. Upepo unayachukua, unayasukuma mbele, yanaanguka tena kilometa mia kadhaa magharibi. Tone moja linaweza kuwa mvua mara mbili ao tatu kabla halijafika Maniema. Mwaka 2010 watafiti wa Uholanzi walipiga hesabu ya dunia nzima, wakaona kwamba katika kila lita 100 za mvua inayonyesha juu ya nchi kavu, karibu 40 zilipanda kutoka nchi kavu, si baharini. Kwa bonde la Kongo waliona jambo linalotuhusu kabisa: chanzo kikubwa cha mvua yake ni mvuke unaopanda Afrika ya Mashariki, zaidi katika nchi za Maziwa Makubwa.

Fikirini Ziwa Tanganyika. Mto unaotoka humo ni mmoja tu, Lukuga, pale Kalemie. Ila maji mengi zaidi ya ziwa hayapiti Lukuga. Yanapanda juu kama mvuke, mchana na usiku, mwaka mzima. Pepo za mashariki zinauchukua ule mvuke, zinaupitisha juu ya milima ya Fizi na Itombwe, zinauleta upande wetu. Kwa hiyo ziwa linatufikia kwa njia mbili: chini kwa Lukuga na Lualaba, na juu kwa mawingu.

Kuna jambo lingine ambalo sisi tulilisoma mara mbili kabla ya kulisadiki. Afrika ya Mashariki ina ukuta wa milima toka Ethiopia mpaka Malawi, lakini ukuta huo una milango. Mlango mmoja ni bonde la Turkana, kaskazini mwa Kenya. Upepo wenye mvuke wa Bahari ya Hindi unapita katika mabonde hayo kwa nguvu, karibu na ardhi, kama upepo unavyopita mlangoni wakati dirisha la nyuma liko wazi. Mwaka 2023 watafiti wa Oxford walifanya jaribio ndani ya kompyuta: waliyaziba mabonde yote kana kwamba milima ingekuwa ukuta mmoja. Katika hesabu hiyo Afrika ya Mashariki ikapata mvua zaidi, na bonde la Kongo likapungukiwa. Mtu wa Turkana anakaa katika ukame, na mvuke unampita mlangoni kuja kwetu.

Kituo cha mwisho cha msafara ni pori lenyewe. Mti mkubwa una mizizi inayofika chini sana, pale ambapo mwezi wa 7 bado kuna maji, wakati karanga yako na nyasi zimekwisha kukauka. Unaweza kutoa lita mia kadhaa kwa siku moja. Mwisho wa kiangazi, mvua yenyewe ikiwa bado, mvuke wa miti ndio unaoanza kulowesha hewa. Huko Yangambi, katika eneo la INERA, toka mwaka 2020 kuna mnara wa mita 55 unaopita juu ya vichwa vya miti. Unapima kila saa hewa na mvuke vinavyotoka porini. Ni wa kwanza wa namna hiyo katika pori la Kongo.

Sasa ile mvua ya kudanganya. Mwezi wa 8 na wa 9 kuna hewa mbili zinazosukumana upande wetu wa kusini na mashariki. Moja ni yenye maji, inatoka ndani ya bonde la Kongo. Nyingine ni kavu, inatoka kusini-mashariki. Pale zinapokutana wataalamu wanapaita mpaka wa hewa wa Kongo. Mpaka huo haukai mahali pamoja. Unasukumwa siku mbili ao tatu kwenda kusini, mvua inanyesha. Kisha hewa kavu inarudi, na jua linawaka kama mwezi wa 7. Masika yenyewe yanaanza mpaka huo ukilegea kabisa. Mzee wetu hakuwa na jina hilo, ila jambo lenyewe alilijua.

Nini kimebadilika

Hapa tuseme wazi kitu kimoja. Kwa jumla ya mvua ya mwaka mzima, vipimo vya Kongo havikubaliani. Wakati wa wakoloni na miaka ya kwanza ya uhuru kulikuwa na vipimo vya mvua vingi, katika vituo vya kilimo, misheni na mashamba ya pamba. Baadaye vingi vilikufa: vita, mishahara kukosekana, vyombo kuibiwa. Leo satelaiti inaangalia toka juu, na satelaiti mbili zinaweza kutoa hesabu mbili tofauti juu ya kijiji kimoja. Kwa hiyo mtu akiwaambia "mvua ya Kongo imepungua kwa kiasi hiki kamili," mwulizeni amepima wapi.

Lakini juu ya urefu wa kiangazi ushahidi ni mzuri zaidi. Mwaka 2019 watafiti wa chuo kikuu cha Albany, Marekani, walitoa kazi iliyoangalia pori la Kongo toka 1988 mpaka 2013. Waliona kiangazi cha mwezi wa 6 mpaka wa 8 kikiongezeka kwa siku 6 mpaka 10 kila miaka kumi. Pigeni hesabu ya miaka 25 hiyo: ni kati ya wiki mbili na karibu wiki nne. Kiangazi kinaanza mapema zaidi na kuisha kwa kuchelewa. Sisi tuko pembeni ya pori hilo, upande wa kusini, mahali ambapo msitu na majani marefu vinaanza kuchanganyikana. Mtu wa pembeni ndiye anayesikia baridi kwanza blanketi ikivutwa.

Sababu si moja. Bahari zimepata joto, na Bahari ya Hindi ina tabia yake: miaka mingine upande wa Afrika unapata joto zaidi kuliko upande wa Indonesia, na hapo mvuke unakuja kwa wingi sana Afrika ya Mashariki. Ilikuwa hivyo mwaka 1961, 1997, 2019 na 2023. Miaka mingine inakuwa kinyume. Hewa nayo imepata joto, na hewa ya moto ni kama gunia lililoongezwa ukubwa: kila digrii moja ya joto, inaweza kubeba mvuke karibu asilimia 7 zaidi. Inachukua muda kujaa, na ikijaa inamwaga yote kwa mara moja. Ndiyo maana wengi wenu mnasema siku za mvua zimepungua lakini mvua moja inabeba udongo wa shamba zima. Hayo mawili hayapingani, ni jambo moja.

Na kuna miti. Tunajua neno hili linawachosha, maana kila mradi unaofika unaanza kwa kumlaumu mkulima na panga lake. Hatusemi kwamba baba mwenye nusu hektari ya kukata na kuchoma ameondoa mvua ya Kasongo. Mvuke haujui mipaka ya shamba wala ya kijiji. Watafiti wa Leeds, Uingereza, mwaka 2023 waliangalia nchi za joto zenye misitu, Kongo ikiwa ndani. Waliona hasara ya mvua inaonekana zaidi ukiangalia eneo pana, la kilometa 200 kila upande. Katika eneo kama hilo, kila asilimia moja ya msitu ikipotea, mvua inapungua karibu robo ya milimeta kwa mwezi. Ni kidogo, ndiyo. Lakini misitu haipotei kwa asilimia moja. Wanakadiria kwamba ukataji ukiendelea, mvua ya Kongo katika sehemu zinazokatwa inaweza kupungua kwa asilimia 8 mpaka 10 ifikapo mwaka 2100.

Hapo ndipo pana neno la kuzungumza kati ya jirani na jirani. Kwa kuwa upepo unatoka zaidi mashariki, pori la Itombwe, la Fizi na la Kabambare ndilo linalolowesha hewa inayokuja Kasongo. Na pori letu sisi linawalowesha watu wa Sankuru na wa mbele zaidi. Mwenye makaa, mwenye machimbo, mwenye mbao, kila mmoja anakata kwake, lakini anayekosa mvua anakaa mbali naye kwa siku nyingi za kutembea, na hawajuani. Kamati ya koperative moja haiwezi kumaliza shida hiyo. Wanaoweza kuizungumza ni machifu, wakubwa wa teritware na muungano wa koperative, wakiketi pamoja, Kasongo na Kabambare.

Mto si mvua

Watu wengi wanatuambia: "Ninyi mnasema ukame, na Lualaba imejaa!" Ni kweli imejaa. Ila maji ya Lualaba yanayopita mbele ya Wagenya si mvua ya Kasongo. Mto unatoka nyanda za juu za Katanga, unapita vinamasi vya Upemba, ambavyo vinayashika maji na kuyaachia polepole. Pale Ankoro unapokea Luvua, yenye maji ya Ziwa Mweru. Karibu na Kabalo unapokea Lukuga, yenye maji ya Tanganyika. Ndipo unapita Kongolo na Milango ya Jehanamu kabla ya kutufikia. Luama ni tofauti kidogo: inatoka milima ya magharibi ya Tanganyika na kupita Kabambare. Mvua ikinyesha huko milimani, Luama inapanda haraka na kushuka haraka.

Lukuga ina historia yake. Katika miaka ya 1870 wasafiri waliikuta imezibwa na matete na mchanga, ziwa likiwa limefungwa. Karibu mwaka 1878 ziwa lilijaa mpaka likavunja kile kizuizi, na maji yakatoka kwa nguvu kuja Lualaba. Baada ya mvua kubwa za 1961 ziwa lilipanda tena mpaka mwaka 1964. Na sisi wote tumesikia ya mwaka 2024: nyumba za Kalemie na Uvira ndani ya maji, Bujumbura pia. Huko chini kabisa, Kinshasa, mwezi wa kwanza wa 2024 mto ulifika mita 6.20, karibu sawa na mita 6.26 ya mwaka 1961.

Kwa hiyo mkulima mwenye shamba la bondeni kando ya Lualaba na shamba la juu kilimani anafuata maji ya nchi mbili tofauti. La bondeni linaweza kuzama kwa mvua iliyonyesha miezi iliyopita Katanga ao Burundi, wakati la juu linakufa kwa jua la leo. Mwaka wa bahari kuwa moto upande wa Afrika, wenye mashamba ya bondeni wawe macho hata miezi mingi baadaye, maana ziwa linajaa polepole na linashuka polepole zaidi. Wafanya biashara wa mitumbwi wanaotoka Kabalo na Kongolo wanaona mto kabla yetu. Simu moja kwao ina faida kuliko kuangalia mawingu ya hapa. Na pigeni msumari ao rangi kwenye jiwe ao mti wa ukingoni, mahali maji yalipofika mwaka wa 2024. Watoto watauhitaji ule msumari.

Kwa masika haya

Hatuwezi kurudisha upepo. Tunachoweza ni kutopoteza mbegu kwa mvua ya kudanganya, na kwa hiyo ni lazima kupima.

Tafuteni mkebe wa nyanya wenye pande zilizonyooka na chini iliyo sawa. Mfungeni juu ya mti wa mita moja na nusu, mahali pa wazi, mbali na paa na migomba. Kila asubuhi saa kumi na mbili mtu achovye kijiti chenye alama za rula na kusoma maji yamefika milimeta ngapi, aandike, amwage, arudishe mkebe. Milimeta moja ni lita moja kwa kila mita moja ya mraba. Mvua ya milimeta 20 ni lita 200,000 kwa hektari, yaani mapipa 1,000 ya lita 200. Mkebe hauna kosa kubwa, ila usiwe umepinda.

Kanuni tunayoitumia ni ya wataalamu wa mvua na mazao, imejaribiwa mahali pengi Afrika: usipande mpunga mpaka mkebe ukusanye milimeta 20 ndani ya siku tatu. Chini ya hapo ni vumbi limelowa tu. Ukifikia 20, chimba kwa jembe. Udongo uwe na maji mpaka urefu wa shibiri moja. Ukikuta kavu chini, ngoja tena, hata jirani akicheka. Kanuni haizuii jua kurudi. Ndiyo maana tunasema mbegu zigawanywe mafungu mawili ao matatu, kila fungu lipandwe baada ya mvua yake nzuri. La kwanza likifa, gunia halijaisha. Mama mmoja alitujibu kwamba kugawa ni kupanda mara mbili kwa mgongo mmoja. Ana haki, kazi inaongezeka. Katika koperative yenye kikundi cha kulima pamoja mzigo huo unagawanyika, ndiyo faida yenu juu ya mkulima wa peke yake.

Sezoni inayokatwa mbele na nyuma inataka pia mbegu ya siku chache. Mpunga wa aina ya NERICA 4 unavunwa kwa siku 95 mpaka 100. Zile mbegu zetu za zamani za kilimani zinakaa shambani zaidi ya miezi minne, nyingine zaidi. Hatusemi mziache. Zinapendwa sokoni, harufu yake inajulikana. Ila fungu la mwisho, linalopandwa kwa kuchelewa, liwe la siku chache. Muhogo na karanga hazina shida sawa na hiyo: kipande cha muhogo kinavumilia wiki mbili za jua, na karanga inakwisha kwa miezi mitatu na kidogo.

Na juu ya kuchoma: shamba jipya likichomwa, miti ya kando ya kijito na ya kichwa cha chemchemi ibaki, hata mita 20 kila upande. Hiyo haitaleta mvua mwaka ujao. Italeta maji ya kunywa mwezi wa 8, na tumeona vijiji vinavyotembea saa nzima juu ya kukosa miti kumi tu pale juu.

Mkutano kabla ya sezoni B, kila koperative ilete daftari lake la mkebe, hata kama lina siku zilizorukwa. Tutayaweka yote juu ya meza moja, ya Lusangi kando ya ya Kabambare, tuone mvua ilianza wapi kwanza na ilitembea ginsi gani. Msiandike "nyingi" ao "kidogo," andikeni namba. Siku isiyo na mvua andikeni 0, msiache nafasi wazi, maana hatutajua kama jua liliwaka ao msomaji alikwenda sokoni. Mkebe uwe ule ule, kijiti kile kile, na msomaji awe mmoja. Akisafiri, amwachie mwingine, na jina la huyo liandikwe pembeni.